Nihamishe data za mikopo kwenda databesi ya grafu, au niweke zote mbili?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Kigoma mjini, nahudumia mfumo wa SACCOS moja ya wafanyabiashara, wengi ni watu wa dagaa, mawese na wenye maboti pale Kibirizi na Ujiji. Wanachama karibu elfu tisa, mikopo hai kama elfu nne, data zote ziko PostgreSQL 14 (databesi ya majedwali) kwenye seva moja ofisini. Kila mkopo una wadhamini watatu. Sasa bodi imeanza kuuliza vitu ambavyo ripoti zangu hazitoi: nani kadhamini kuliko uwezo wake, nani yuko nyuma ya mdhamini wa mdhamini, kuna watu wanazungukana wenyewe kwa wenyewe? Nimejaribu kuandika kwari (swali la kuiuliza databesi), inazunguka mpaka diski inajaa. Rafiki yangu wa Dar anasema dawa ni Neo4j, ile databesi ya grafu inayotunza watu kama nukta na mahusiano yao kama mishale, nihamishe kila kitu. Mwingine anasema niweke zote mbili. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limekaa vizuri, umetaja toleo, idadi na seva, maana wengi wananiandikia "databesi inavuta" halafu basi, unabaki kupiga ramli.

Jibu fupi: usihamishe chochote. Zote mbili unaweza kuziweka, na huenda ipo siku utaziweka, ila kwa sharti hili: databesi moja tu ndo iandikwe na watu, ya pili iandikwe na ile ya kwanza, na hiyo ya pili iwe kitu unachoweza kukifuta saa nane mchana na kukijenga upya saa nane na nusu bila mwanachama yeyote kupoteza hata shilingi. Ichukulie kama fotokopi ya leja, unaichorachora utakavyo, unaweka mishale ya rangi, ila pesa haiingizwi kwenye fotokopi. Ukishindwa kulishika hilo, ipo siku mkaguzi atakuuliza deni la mtu ni shilingi ngapi na utakuwa na majibu mawili.

Sasa tuingie ndani, na naomba tuanze na maswali ya bodi kabla ya kugusa programu yoyote, maana nimeyasoma mara mbili na la kwanza wala siyo swali la grafu. "Nani kadhamini kuliko uwezo wake" hiyo ni SUM na GROUP BY, unajumlisha kiasi alichodhamini kwenye mikopo ambayo bado haijaisha, unalinganisha na akiba yake, kwisha kazi. Ukimpelekea Neo4j swali hilo atalijibu, sawa, ila umesafiri mbali kufuata kitu kilichokuwa mezani. Majumlisho, salio la tarehe fulani, mikopo chechefu kwa mwezi, ripoti za kupeleka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vyote hivyo ni nyumbani kwa majedwali na vibaki huko.

La pili na la tatu ndo yenyewe. "Mdhamini wa mdhamini wa mdhamini" lina sifa moja, hujui utapiga joini ngapi, yaani utaunganisha majedwali mara ngapi. Ukijua ni mbili unaandika mbili. Ukiwa hujui, SQL ya kawaida, ile lugha ya kuuliza databesi za majedwali, inaishiwa maneno, na hapo ndo watu wanakimbilia kusema databesi za majedwali hazijui mahusiano, kitu ambacho siyo kweli ila nakielewa kinatoka wapi. Edgar Codd alivyoleta hili wazo akiwa IBM, mwaka 1970, hoja yake ilikuwa kwamba data zikae kwenye majedwali na uhusiano upatikane kwa thamani zinazofanana, badala ya rekodi moja kuinyooshea kidole nyingine kama ilivyokuwa kwenye mifumo ya kabla yake ambapo programu ilikuwa inafuata vidole rekodi hadi rekodi. Databesi kama Neo4j zimerudisha vidole vile. Nodi, yaani kitu kimoja kama mwanachama au mkopo, inajua moja kwa moja viungo vyake viko wapi, haipiti kwenye indeksi (ile orodha ya kutafutia haraka) kila hatua, ndo maana safari ndefu inakwenda haraka.

Kwari ya kujirudia, yaani WITH RECURSIVE, imo kwenye kiwango cha SQL tangu 1999, PostgreSQL waliiweka toleo la 8.4 mwaka 2009, MySQL wao wakakaa mpaka 8.0 mwaka 2018. Wengi wetu tulijifunzia kwenye MySQL za zamani, kwa hiyo tukatoka shule tunaamini haipo. Wewe ipo, na umeshaitumia, tatizo umeitumia vibaya, na nadhani najua ni wapi.

Chukua tebo yako ya udhamini. Nadhani imekaa hivi: mdhamini_id, mkopo_id, kiasi, tarehe_kuanza, tarehe_kuachiliwa. Kwari ya kujirudia ina sehemu mbili. Ya kwanza inawachukua wadhamini wa moja kwa moja wa mkopo unaouangalia. Ya pili inawachukua hao uliowapata, inaangalia wao wenyewe wana mikopo gani, inawavuta wadhamini wa hiyo mikopo, halafu inarudia na kurudia mpaka isipate mtu mpya. Ukiunganisha sehemu hizo mbili kwa UNION, siyo UNION ALL, PostgreSQL inatupa zile rekodi zilizokwisha kuonekana, kwa hiyo hata watu wakizungukana, mama aliyekwisha kutokea hatokei tena na kwari inasimama yenyewe.

Ila sasa. Kila mtu, na nina hakika na wewe, anapenda kuongeza kolamu ya hatua, moja, mbili, tatu, ili bodi ione ni mbali kiasi gani. Hapo ndo umejimaliza. Mama yuleyule akitokea hatua ya pili na ya tano, kwa PostgreSQL hizo ni rekodi mbili tofauti maana namba ya hatua haifanani, kwa hiyo UNION haizitupi, duara linaendelea kuzunguka milele na yale mafaili ya muda yanajaa diski. Ndo kitu kilichokupata, ningeweka dau.

Toleo lako la 14 ndilo lililoleta neno CYCLE kwenye kwari ya kujirudia, unaiambia ichunge kolamu ya mwanachama na yenyewe inakuwekea alama pale njia inaporudi kwa mtu ambaye imekwisha kumpitia na kuacha kuiendeleza. Zamani tulikuwa tunabeba arei (orodha) ya njia nzima mkononi kufanya hilo. Lakini shika hili vizuri maana halisemwi mara nyingi: CYCLE inachunga kila njia peke yake, haichungi safari nzima. Mtu mmoja akifikika kwa njia mia, atahesabiwa mara mia. Wadhamini watatu kila mkopo, hatua sita ni njia 729, hatua kumi ni 59,049, na kwenye soko ambalo kila mtu anamjua kila mtu njia zinapishana vibaya sana. Kwa hiyo weka kikomo. Hatua tano au sita zinatosha kwa kazi ya kamati ya mikopo, sijawahi kuona afisa mikopo anayefanya uamuzi kwa sababu ya mtu wa hatua ya tisa.

Na kabla hujalaumu kwari angalia indeksi. PostgreSQL inajitengenezea indeksi kwenye ufunguo wa msingi, lakini kolamu inayoelekeza kwenye tebo nyingine haitengenezewi, unaiweka wewe kwa mkono. mdhamini_id, mkopo_id, na mkopaji_id kule kwenye mikopo. Bila hizo, kila hatua ya kujirudia inasoma tebo nzima kuanzia juu mpaka chini.

Sasa turudi kwenye ukubwa, maana hapa ndo namshangaa rafiki yako wa Dar. Mikopo elfu nne mara wadhamini watatu ni viungo elfu kumi na mbili. Hiyo siyo data kubwa. Hiyo inaingia kwenye RAM ya simu. Ukichukua Python na maktaba ya NetworkX, unasoma viungo vyote elfu kumi na mbili kwa kwari moja, unavijenga kuwa grafu kwenye kumbukumbu, na unafanya kitu ambacho SQL inakifanya kwa shida sana: kutafuta makundi ya watu ambao kila mmoja anaweza kufikika kutoka kwa mwenzake kwa kufuata mishale ya udhamini. Njia yake aliichapisha Robert Tarjan mwaka 1972, inapita kila nodi na kila kiungo mara moja tu, haina habari na zile njia elfu hamsini na tisa. Ni mstari mmoja wa programu, na kwa ukubwa wako unakunywa chai haijapoa jibu limetoka. Matokeo unayaandika kwenye tebo ya pembeni ndani ya PostgreSQL ileile, namba ya mwanachama, namba ya kundi, tarehe ya hesabu, kisha ripoti zako za kawaida zinaisoma kama tebo nyingine yoyote. Hapo umeshachanganya grafu na majedwali na hujanunua wala kusimika kitu.

Swali la kuzungukana limekwisha hapo. Ila uwaambie bodi kabla hawajapandisha mori: duara siyo ushahidi wa wizi. Huku Tabora kwenye tumbaku wakulima wamezoea kukopa pembejeo kwa kikundi na kudhaminiana, kwa hiyo ukitafuta duara utalikuta kila kona na ndo utaratibu wenyewe. Duara linasema kitu kimoja tu, kwamba dhamana tatu mlizoziandika zinatoka mfuko mmoja. Ziwa likichafuka na dagaa wasipatikane wiki tatu, wote watakwama siku moja. Hilo ndo la kuwaambia, wao wataamua kikomo kiwe wapi.

Haya, Neo4j basi ni ya nini. Ni ya siku ambayo mtu anakaa mbele ya kompyuta hajui anatafuta nini. Mfano ni zile nyaraka za Panama za 2016, waandishi wa ICIJ, muungano wa kimataifa wa waandishi wa uchunguzi, walikuwa na faili milioni 11.5 kutoka ofisi moja ya wanasheria, makampuni, wakurugenzi, anwani, na moja ya zana zao ilikuwa Neo4j kwa sababu mwandishi alikuwa anaanza na jina moja na kufuata mishale bila kujua itamfikisha wapi. Kwako hali hiyo inatokea pale unapoacha udhamini peke yake na kuanza kuweka vitu vingine vinavyounganisha watu: namba ya simu, kiwanja kilichowekwa rehani, injini ya boti. Ukiwa na aina moja ya kiungo SQL inatosha sana. Ukifika aina sita za viungo na swali ni "hawa wawili wanahusiana kwa njia yoyote ile?" kwari ya SQL inageuka kuwa kurasa, na ile ya Cypher, lugha ya kuuliza ya Neo4j, inabaki fupi, mfano hivi:

(a:Mwanachama)-[:ALIWEKA]->(i:Injini)<-[:ALIWEKA]-(b:Mwanachama)

Yaani nionyeshe watu wawili walioweka rehani injini ileile. Unaisoma kama mchoro. Hiyo siwezi kuidharau, hata mimi nikiwa kwenye upelelezi napenda kuandika Cypher kuliko SQL, macho yanachoka kidogo.

Ukifikia huko, kazi ngumu itakuwa kuamua nini kiwe nodi na nini kiwe mshale, na hapo chukua muda. Vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuchora mshale kutoka mdhamini kwenda mkopaji moja kwa moja na kuuandikia kiasi cha mkopo. Unapendeza, lakini mshale una ncha mbili tu, na mkopo wako una watu wanne, mkopaji na wadhamini watatu, una salio, una hali, una tarehe. Ukiugeuza kuwa mishale mitatu, kiasi kinaandikwa mara tatu na siku mtu akijumlisha mishale, mkopo wa milioni tatu unakuwa milioni tisa. Mkopo uwe nodi. Mwanachama ALIDHAMINI mkopo, mwanachama ALIKOPA mkopo. Ile mishale ya mtu kwa mtu itengeneze pembeni kwa ajili ya hesabu ya makundi tu, isibebe pesa.

Cha pili ni kugeuza kila kitu kuwa nodi. Kata ya Mwanga Kaskazini usiifanye nodi. Soko usilifanye nodi. Ukifanya hivyo watu elfu mbili wanaunganishwa na nodi moja, na kila ukitafuta njia fupi kati ya watu wawili jibu litakuwa wanahusiana kwa sababu wote wanakaa Mwanga, asante sana kwa taarifa. Kata iwe sifa ndani ya mwanachama, unachujia, huitembelei. Na simu ya yule wakala aliyeandikisha watu mia mbili kwa namba yake kwa sababu hawakuwa na simu, hiyo nayo ni nodi ya namna hiyo, iweke alama na uiruke.

Halafu usafi. Hili nalisema kwa msisitizo maana grafu haisamehi kabisa. Namba ya injini iko kwenye kibati kimeliwa na maji, afisa mmoja kaandika herufi O, mwingine sifuri, mmoja kaweka kistari katikati mwingine kaacha nafasi. Kwenye majedwali hiyo ni rekodi mbili chafu tu, ripoti inatoka na tofauti haionekani. Kwenye grafu ni injini mbili tofauti, mshale haupo, na yule uliyekuwa unamtafuta amepita katikati yenu. Na kinyume chake pia, ukisafisha kupita kiasi ukaunganisha majina yanayofanana, unamtwika mtu wa Ujiji deni la mtu wa Kasulu kwa sababu wote wanaitwa jina moja la baba. Safisha kwenye PostgreSQL, kolamu ya namba kama ilivyoandikwa ibaki, weka nyingine ya namba iliyonyooshwa, grafu isome hiyo ya pili. Watu uwatambue kwa namba ya uanachama na ya kitambulisho cha taifa, siyo jina.

Sasa jinsi ya kupeleka data kutoka kule kuja huku, maana "weka zote mbili" hapa ndo inapovunjikia.

Njia ya kwanza inayokuja kichwani kwa kila mtu ni programu iandike mara mbili. Mkopo ukiidhinishwa, andika PostgreSQL, kisha andika Neo4j. Usifanye. Umeme ukikatika kati ya mstari wa kwanza na wa pili, mkopo upo upande mmoja haupo mwingine, na hakuna anayejua. Kila databesi peke yake inatunza miamala yake vizuri, Neo4j nayo hailegezi hapo, usisikilize wanaosema databesi za grafu hazina usalama wa miamala. Shida ni kwamba hakuna anayeusimamia muamala unaokanyaga zote mbili.

Kwa SACCOS ya ukubwa wako dawa ni ya kizamani na haina mvuto: skripti ya usiku. Saa nane usiku inafuta grafu yote, inasoma PostgreSQL, inajenga upya. Nodi zako hata elfu thelathini hazifiki, haitachukua muda wa kuzungumzia. Faida yake ni kwamba hata kama jana kulikuwa na kosa, leo limefutika lenyewe. Kabla ya kupakia weka kizuizi cha upekee kwenye namba ya uanachama, la sivyo MERGE, amri ya Neo4j ya kutafuta nodi au kuiunda kama haipo, itakuwa inatafuta mtu kwa kupekua nodi zote na unaweza kuishia na mtu mmoja mara mbili. Utambulisho utumie huo wako wa PostgreSQL, zile id za ndani za Neo4j usizihifadhi popote, ukifuta nodi namba yake inaweza kupewa nodi nyingine. Na pesa: PostgreSQL ina numeric, Neo4j haina aina ya desimali, ina namba kamili na zile za nukta zinazoelea, kwa hiyo peleka shilingi kamili bila senti, usije ukaona salio la 1,249,999.9999 ukaanza kumtafuta mchawi.

Weka tarehe ya kujengwa sehemu inayoonekana, juu kabisa ya skrini. Sababu ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kiufundi. Mama kamaliza marejesho saa nne asubuhi, wadhamini wake wameachiliwa, grafu bado ina picha ya jana usiku, mmoja wa wale wadhamini anakuja saa sita kuomba mkopo wake anaambiwa bado umefungwa. Kwa hiyo piga ua, uamuzi wa kutoa au kunyima mkopo usome PostgreSQL. Grafu inaonyesha wapi pa kuangalia, haisemi ndiyo wala hapana.

Siku moja mkikua mkataka grafu ya dakika hii, kuna njia ya kuandika tukio kwenye tebo ya foleni ndani ya muamala uleule wa mkopo, halafu kiprogramu kingine kinasoma foleni na kupeleka Neo4j, kikianguka kinaendelea pale kilipoishia. Hiyo naipenda. Kuna na Debezium, inasoma logi ya PostgreSQL (kumbukumbu ya kila badiliko) moja kwa moja, mara nyingi ikipitia Kafka, mfumo wa foleni za ujumbe, ni zana nzuri ila kwa seva moja ofisini ni mzigo, na ina mtego: ile nafasi inayoifungua kwenye PostgreSQL inazuia logi zisifutwe mpaka msomaji azisome, msomaji akifa Ijumaa jioni logi zinarundikana, Jumatatu diski imejaa na SACCOS haifunguki. Toleo la 13 liliongeza mpangilio wa kuweka kikomo, max_slot_wal_keep_size, wengi hawaujui.

Kuna njia za katikati pia nizipitie haraka. Apache AGE ni nyongeza inayoingia ndani ya PostgreSQL na kukupa Cypher humohumo. Data za grafu inazitunza kwenye majedwali yake yenyewe, kwa hiyo bado ni nakala, lakini ni nakala iliyo ndani ya muamala uleule, na tatizo la kuandika mara mbili linakufa. Ningekuwa wewe na bodi iking'ang'ania Cypher, ningeanza hapo kabla ya kusimika seva nyingine. SQL Server wana tebo za nodi na viungo tangu 2017. Na kiwango cha SQL cha 2023 kimeleta sehemu mpya inayoitwa SQL/PGQ, ambapo unatangaza kwamba tebo hii ni nodi na ile ni mishale, halafu unauliza kwa mtindo wa mchoro bila kunakili kitu chochote, data inabaki palepale. Oracle 23 wanayo. Toleo lako la 14 haina, lakini ukisanifu tebo zako vizuri leo, siku utakayohamia databesi inayoijua utatangaza tu.

Jambo la mwisho ambalo hukuuliza. Kila nakala ya data za wanachama ni mahali pengine pa kulindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na haijali kama namba za vitambulisho zimevuja kutoka kwenye leja au kutoka kwenye grafu ya majaribio uliyoiacha bila nywila kwenye laptop. Kwenye grafu peleka namba ya uanachama, hali ya mkopo, kiasi, viungo. Majina, picha na namba za kitambulisho vibaki PostgreSQL, afisa akibonyeza nodi ndo mfumo ukachukue jina kule, kwa ruhusa yake. Na ukisema unajenga upya kila usiku, mwanachama aliyejitoa na kufutwa anafutika na huku bila wewe kukumbuka.

Kwa hiyo wiki hii: indeksi tatu, kwari yenye CYCLE na kikomo cha hatua sita, ile SUM ya wadhamini, na skripti ya makundi ya Python. Mkutano wa bodi usiwapelekee mchoro wa nodi elfu tisa, utaonekana kama nyavu iliyonasa kwenye mwamba na kila mtu atatikisa kichwa kwa heshima bila kuelewa. Wachoree makundi matatu makubwa tu, watu kumi kumi, na kiasi. Neo4j subiri mpaka afisa mikopo mwenyewe aje na swali ambalo umeshindwa kulijibu kwa hivyo vyote.

Ikikwama tena nitumie EXPLAIN ya hiyo kwari, yaani mpango wa jinsi PostgreSQL itakavyoiendesha, ANALYZE usiiweke maana itaiendesha kweli na utanijazia diski nyingine, na majina ya wanachama uyatoe kwanza.